Windows 11 kwenye stationari: kipi kipya kina faida na kipi ni pambo tu?

MamaKaratasi (Mtwara)

Wakuu, salamu kutoka Chikongola.

Nina duka la stationari, si mbali na soko. Kazi zangu mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuskani vyeti, picha za pasipoti, kuwajazia vijana maombi yao kwenye Ajira Portal. Msimu wa korosho ukifika, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaleta orodha za wakulima kwenye flashi na kila mmoja anataka yake itoke sasa hivi, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Ndiyo tuko humo. Foleni inafika barazani.

Nina kompyuta tatu, zote mtumba wa Dar. Ya kwanza ni HP EliteDesk 800 G4, i5-8500, RAM 8. Ya pili Dell OptiPlex 7050, i5-7500, RAM 8 nayo. Ya tatu ni laptopu, ThinkPad T470, natembea nayo nikiitwa kwenye ofisi za watu. Zote zina Windows 10. Siku hizi ile HP nikiiwasha asubuhi inanitolea tangazo skrini nzima: hamia Windows 11, bure. Zile mbili haziniambii kitu. Kijana wangu wa kaunta anataka nibonyeze leo. Nimemwambia anayelipa kodi ya fremu ndiye atakayebonyeza.

Sijabonyeza kwa sababu kila ninayemuuliza anaanza na sura. Kona za madirisha zimekuwa mviringo, kitufe cha Start kimehamia katikati, picha ya ukutani ina ua la bluu. Mteja anataka cheti chake kiskaniwe kabla basi la Masasi halijaondoka. Hilo ua litamfanyia nini? Nilianza kazi hii kwa taipureta, nikaja Windows 98, XP, 7, 10. Kila wanapobadilisha wao, mimi ndiye ninayetafuta upya walikokificha kitufe cha kuchapisha.

Kwa hiyo nauliza kikazi. Ndani ya hiyo Windows 11 kuna nini kipya kitakachonipunguzia foleni? Kuna nini kitakachokula bando langu kimyakimya? Printa yangu kubwa ni leza ya zamani kidogo, draiva yake ilikuja kwenye CD, itakubali? Na hiyo printa imechomekwa kwenye HP, zile nyingine mbili zinachapa kupitia kwake. Nikihamisha HP peke yake, zitaendelea kuelewana au nitaanza kubeba flashi kutoka meza hadi meza?

Jambo la mwisho. Watu wanaacha kwangu nakala za vitambulisho, vyeti vya ndoa, hukumu za mahakama. Nataka kujua kama kuna kitu kwenye mfumo mpya kinachopeleka mafaili hayo mahali bila mimi kuulizwa.

Naomba msiniambie ninunue kompyuta tatu mpya. Korosho ni za wakulima, mimi nauza karatasi tu.

---

Mtoto_wa_Mikindani

Shikamoo mama.

Sababu ya HP kukuita na zile nyingine kunyamaza iko kwenye namba uliyoandika mwenyewe. i5-8500, ile 8 ya mbele ni kizazi cha nane. i5-7500 ni kizazi cha saba. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za nyuma. T470 zilitoka na kizazi cha sita au cha saba, kwa hiyo nayo imekosa. Pamoja na hapo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), RAM isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64. Ukitaka uhakika, Microsoft wana programu ndogo inaitwa PC Health Check, inakupa jibu la ndiyo au hapana na sababu yake.

Ila mama, hiyo "hapana" si ya mwisho. Kuna programu ya Rufus, unatengeneza flashi ya kupigia window, yaani kusakinisha Windows, halafu unaiambia isikague prosesa wala TPM. Laptopu yangu ni kizazi cha sita na naandika hapa kwa Windows 11. Haina shida yoyote. Ukitaka nakuja Jumapili nakupigia zote mbili, utanipa hela ya soda.

---

fundi_wa_Lindi

Mdogo wangu wa Mikindani, laptopu yako ni ya muziki na mpira. Ya mama inashika orodha za malipo ya wakulima. Njia ya Rufus inafanya kazi, sikatai, lakini mashine iliyopitishwa hivyo Microsoft hawaidhamini, na kila toleo jipya la mwaka likitoka unalisukuma mwenyewe kwa mkono. Tena tangu toleo la 24H2, lile la 2024, kuna prosesa kongwe ambazo haziwaki kabisa hata ukipita wapi, kwa kuwa hazina amri fulani ambazo mfumo unazihitaji. Za mama si kongwe kiasi hicho, zingewaka. Mimi tu nisingeiweka biashara ya mtu juu ya kitu cha "zingewaka".

Mama Karatasi, nakujibu kwa mpangilio wa dukani kwako.

Kinachopunguza foleni. Cha kwanza ambacho hukikuti kwenye matangazo ni Paint. Ndiyo, Paint ile ile ya kuchorea vikatuni. Tangu 2023, kwenye Windows 11, ina kitufe cha kuondoa mandhari ya nyuma ya picha. Unapiga picha ya mteja ukutani kwako, unaifungua, unabonyeza mara moja, mtu anabaki peke yake. Paint hiyo siku hizi ina safu (layers) pia, kwa hiyo safu ya nyuma unaipaka bluu au nyeupe kulingana na fomu inavyotaka. Mimi nilikuwa natumia programu nzito ya kukreki kwa kazi hiyo, nimeifuta. Haiko kamili: mtandio mwepesi au nywele za kusimama kingo zinaliwa, na shati jeupe kwenye ukuta mweupe linaichanganya. Kwa hiyo tundika kitambaa cha rangi ukutani, kazi itakuwa safi.

Cha pili ni Snipping Tool. Bonyeza Windows, Shift na S, chora mstatili juu ya picha yoyote iliyo kwenye skrini, halafu uambie inakili maandishi. Mteja ana namba ya NIDA kwenye picha ya WhatsApp, tarakimu 20. Kijana wako hana haja ya kuzisoma kwa sauti huku akikosea sifuri. Barua iliyopigwa chapa inaisoma vizuri. Mwandiko wa mkono usiitegemee.

Cha tatu, mafaili yaliyobanwa. Mtu akileta RAR au 7z, File Explorer inayafungua yenyewe, huhitaji kwenda kupakua WinRAR. Na hiyo File Explorer ina vichupo kama vya Chrome: flashi ya karani kichupo kimoja, folda yako kingine, dirisha moja tu. Kwenye foleni ya msimu hilo utaliona maana yake.

Kupanga madirisha nako kumerahisishwa, Windows na Z, unachagua kushoto fomu, kulia cheti. Basi, hayo ndiyo ya kazi. Kitufe cha Start unakirudisha kushoto ndani ya Settings, Personalization, Taskbar. Huo upau wa chini ukizoea kuuweka juu au pembeni ya skrini, hapo pole, Windows 11 ilipotoka 2021 waliuondoa uhuru huo. Menyu ya kipanya kwa kulia nayo wameifupisha; shika Shift unapobonyeza, inakuja ya zamani yote. WordPad haipo tena tangu 24H2, kama kuna karani wa zamani anayeandikia humo mwambie ahame.

Kinachokula bando. Widgets, zile habari na hali ya hewa kwenye upau wa chini, zizime. Copilot, yule msaidizi wa akili mnemba, ni programu tu siku hizi, unaiondoa kama unavyoondoa programu nyingine. Halafu mtandao wako, kama ni wa simu au ruta ya laini, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uuweke kuwa "metered". Hapo mfumo unajua unanunua kwa kipimo, unapunguza kupakua ovyo.

Kubwa zaidi, na hapa ndipo swali lako la mwisho linapojibiwa, ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, angalia kama imewashwa kuhifadhi folda za Desktop, Documents na Pictures. Ikiwashwa, kila unachoskani na kukiacha kwenye Desktop kinapanda mtandaoni kwenye akaunti hiyo. Bando linakwenda, GB 5 za bure zinajaa upesi, na hati za ndoa za watu wa Chikongola zinalala kwenye akaunti ambayo pengine kijana wako anaifungua na kwenye simu yake. Zima. Kazi za wateja ziweke kwenye folda nje ya hizo tatu, tuseme D:\WATEJA, na uwe na siku ya kuisafisha.

Kuna na kijidude kingine ambacho hata Windows 10 kilikuwepo: Windows na V. Kikiwashwa kinakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyonakili. Kitamu sana kwa kujaza fomu. Lakini mteja wa sasa hapaswi kukuta nywila ya mteja aliyetoka. Kila ukimaliza na mtu, bonyeza kufuta vyote. Ukizima mashine vinafutika, isipokuwa ulivyovibandika (pin) visiondoke.

Umesikia pia habari za Recall, ile inayopiga picha za skrini muda wote ili uweze kutafuta ulichofanya juzi. Hiyo inahitaji mashine mpya zenye chipu maalumu ya akili mnemba na RAM GB 16. HP yako haihusiki. Lala usingizi.

Printa. Kama Windows 10 yako ni ya biti 64, draiva aghalabu inahama nayo na inafanya kazi. Kama ni ya biti 32, Windows 11 haina kabisa toleo la 32, itabidi kupiga upya na draiva ya CD ya 32 haitakubali. Kuna swichi mpya kwenye ukurasa wa printa inaitwa Windows protected print mode. Usiiguse. Ikiwashwa inazikataa draiva za watengenezaji wa printa na kubaki na njia moja ya kisasa ambayo leza yako kongwe huenda haiijui.

Kuhusu zile mbili kuchapa kupitia HP: zitaelewana, kwa sharti. Kwenye 24H2 na kuendelea wamekaza ushirikiano wa mtandao wa ndani. Ule mtindo wa "mtu yeyote aingie bila nywila" tuliokuwa tunauweka madukani ndio unaokufa. Tengeneza kwenye HP mtumiaji mmoja, mpe jina "chapa" na nywila, halafu Dell na ThinkPad ziingie kwa jina hilo na ziambiwe zikumbuke. Fanya hivyo mapema, hata kabla hujahama.

---

MamaKaratasi (Mtwara)

Mikindani, marahaba mwanangu. Soda utakunywa, lakini Jumapili usije na flashi yako.

Fundi, ahsante. Hiyo ya Paint nimeisoma mara mbili. Mimi nalipia programu ya picha kila mwezi! Na hiyo ya OneDrive imenishtua, kwa sababu kijana alishaniambia kuwa akaunti "atafungua yeye". Sasa nielimishe hapo. Lazima niwe na akaunti ya Microsoft? Mimi kompyuta zangu naingia kwa jina la duka na nywila, sina barua pepe yoyote humo. Sitaki mlango wa dukani kwangu uwe na funguo Marekani.

Na hilo la biti, nimeangalia, HP ni 64. Dell ni 64. ThinkPad bado iko kwa mwenyekiti wa mtaa, anaandika muhtasari.

---

Karani_Tandahimba

Mama, mimi ni mmoja wa hao makarani wa flashi, si wako, wa huku. Naomba nichangie la zile kompyuta mbili zilizoachwa, kwa kuwa ofisini kwetu tuna kama hizo.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wakasema zitazima. Hazizimi. Zinawaka, zinachapa, zinaingia mtandaoni kama jana. Shida ni kwamba tundu jipya likigundulika halizibwi. Na stationari ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa jambo hilo, mnisamehe, maana flashi yangu kabla ya kufika kwako imeshapita kwenye mashine za ghala, za chama na za mtoto wa katibu. Kila msimu kuna flashi inayogeuza mafolda yote kuwa shortcut.

Ila kuna nyongeza ya muda. Inaitwa ESU (Extended Security Updates). Kwa kompyuta za mtu binafsi inafika tarehe 13 Oktoba 2026. Unaipata kwa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila malipo ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta 10. Sharti mashine iwe Windows 10 toleo la 22H2. Kwa makampuni na ofisi ni mpango mwingine, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka mara mbili kila mwaka hadi 2028. Sisi kwa bei hiyo tumeona bora kununua mtumba wa kizazi cha nane.

ESU inaleta viraka vya usalama tu. Hiyo Paint ya kuondoa ukuta hutaipata kwa njia hiyo.

---

Mwl_Newala

Habari za humu. Mimi nitasema ambalo hamkutaka lisemwe: ile Dell iwekewe Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, ni bure, halitaki kizazi cha nane wala akaunti, na virusi vya flashi vya huyo karani havitajua pa kuanzia. Shuleni tunazo za i3 ambazo Windows iliziacha zamani na wanafunzi wanachapa kazi zao kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi kama za Word. i5 yenye RAM 8 kwa Mint itakuwa nyepesi sana. Printa nyingi inazitambua bila CD.

Watani zangu Wamakonde wa Mtwara najua mtabisha, lakini jaribuni kwanza. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unaangalia kama printa na mtandao vinakubali, ukichukia unachomoa.

---

MamaKaratasi (Mtwara)

Mwalimu, Mmakonde habishi, anauliza tu. Wateja wangu wanaleta Word. Mtu kaleta CV yenye majedwali na mistari ya rangi, nikiifungua kwa hiyo LibreOffice jedwali likateremka ukurasa wa pili, nani atamwambia kwamba ni ya bure? Kwenye kaunta sithubutu. Ila Dell ndiyo ninayoitumia kwa Ajira Portal na mtandao mtupu, kivinjari basi. Kwa hiyo hilo la kuijaribu kwa flashi nimelipokea. Nikikwama nitakutafuta humu humu.

Karani, hiyo 30 dola na hiyo 61, mimi mwenye fremu moja nahesabika mtu binafsi au ofisi?

---

Karani_Tandahimba

Kimaandishi, hiyo ya dola 30 ni ya matumizi binafsi. Mashine iliyofungwa kwenye mtandao wa kampuni unaosimamiwa na watu wa IT inakataliwa na mfumo wenyewe. Yako ina jina la duka tu, kwa hiyo kitufe utakiona kwenye ukurasa wa Windows Update. Wewe na dhamiri yako. ThinkPad unayotembea nayo hadi nyumbani ningeiweka humo bila wasiwasi.

---

fundi_wa_Lindi

Nilitoka kidogo, umeme ulikatika. Narudi kwenye swali la akaunti.

Kuna njia mbili za kuhama. Ukipandisha Windows 11 juu ya Windows 10 uliyonayo, mafaili yanabaki, programu zinabaki, na jina lako la duka na nywila yake vinakuja navyo. Ukipiga window upya kuanzia sifuri, usanidi utadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Chagua ya kwanza.

Sababu yangu si uvivu. Tangu 24H2, ukipiga upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa kwa usimbaji yenyewe, bila kengele. Ni kitu kizuri laptopu ikiibiwa. Lakini ufunguo wa kuokoa, tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye ile akaunti. Aliletwa kwangu mtu na laptopu inayodai ufunguo. Fundi aliyempigia window alitumia barua pepe aliyoitengeneza palepale kwa namba ya simu ambayo haipatikani tena. Mafaili yote ya mradi wake yamo, na hakuna wa kuyatoa, si mimi si nani. Diski iliyofungwa hivyo bila ufunguo ni sanduku la chuma lililozama bandarini. Kwa hiyo hata ukipandisha kwa njia ya kwanza, baadaye ingia Settings, Privacy & security, tazama Device encryption imewashwa au la. Ikiwa imewashwa, chapa ule ufunguo kwenye karatasi, weka kwenye faili la leseni ya biashara. Karatasi unazo. Na akaunti yoyote ya duka ifunguliwe kwa namba yako, si ya kijana, hata akiwa mwaminifu vipi.

Sasa namna ya kupakua. Usibonyeze lile tangazo mchana. Pata bando la usiku, pakua faili la ISO (kifurushi kizima cha Windows 11) kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, ni zaidi ya GB 5, liweke kwenye diski ya nje. Ukilibofya mara mbili ndani ya Windows 10 linafunguka kama CD, humo kuna "setup". Intaneti ikikata katikati ya kupandisha hujali, kitu kikubwa unacho. Na usikubali ISO ya kupewa na mtu kwenye flashi. Sijui walichokipaka humo. Kabla ya yote nakili D yako nzima kwenye diski ya nje. Halafu washa UPS au tumia siku ambayo umeme umetulia, kwa sababu inajiwasha upya mara kadhaa na hapo katikati hutaki giza.

Ukiichukia, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Ndani ya siku hizo asije mtu akakufutia folda ya Windows.old kwa kisingizio cha kupata nafasi; ndiyo barabara ya kurudia.

Kwa wengine wanaosoma hapa, ambao wana kizazi cha nane lakini PC Health Check inawakatalia: bonyezeni Windows na R, andikeni msinfo32, tazameni mstari wa BIOS Mode. Ukisoma Legacy, mashine ni nzima ila aliyeipigia window huko ilikotoka aliipiga kwa mtindo wa kizamani. Inageuzwa kwa amri ya mbr2gpt bila kufuta mafaili, kisha unawasha UEFI na Secure Boot ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka; kwenye HP unaingilia kwa F10 inapowaka. Hujawahi kuigusa BIOS? Mpe fundi, usijifunzie kwenye mashine ya kazi.

---

Mtoto_wa_Mikindani

Fundi, na leseni je? Mashine za mtumba nyingi Windows yake imekrekiwa. Itakubali kupanda bure?

---

fundi_wa_Lindi

Bure ni kwa Windows 10 iliyo halali. HP za ofisini kama EliteDesk kwa kawaida zilitoka kiwandani na leseni iliyopachikwa kwenye bodi, kwa hiyo hata kama katikati hapa mtu aliichakachua, ya asili ipo. Mama aangalie Settings, Activation. Akikuta maneno "digital license", asonge mbele. Akikuta habari ya seva ya kampuni fulani asiyoijua, hapo kuna mtu alipita na programu ya KMS ya kuchakachua leseni, na programu hizo ndizo zinazoleta wageni wengine ndani. Hiyo isafishwe kwanza.

---

MamaKaratasi (Mtwara)

Nimeangalia: "activated with a digital license". Device encryption inasema imezimwa. Diski ni SSD ya 256, imebaki nafasi kama nusu.

Basi HP nitaipandisha msimu ukiisha, si sasa na orodha hizi mezani. Ila mtumiaji wa "chapa" na folda ya WATEJA naviweka leo jioni, maana havingoji toleo. Kijana amesononeka kidogo, anasema ile Paint angeitumia kesho. Fundi, hiyo Paint haipatikani kwenye Windows 10 kwa njia yoyote?

---

fundi_wa_Lindi

Haipo. Kwenye 10 Paint imebaki ya zamani. Mwambie atundike kitambaa cha bluu ukutani kuanzia kesho. Mteja akisimama mbele yake hakuna cha kuondoa.